Nyumba zilizoshindwa na baridi: kisa cha Texas, Februari 2021

Saa 7:20 usiku wa kuamkia Jumatatu, 15 Februari 2021, waendesha gridi ya umeme ya Texas walitoa amri ya kuanza kuwakatia wateja umeme. Theluji ilikuwa imeshafika hadi Galveston, mji wa pwani ambao watu huuendea kuogelea. Kesho yake Dallas ilishuka hadi nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri, na Houston karibu 11 chini ya sifuri. Wananchi walikuwa wameambiwa kwamba kukatika kutakuwa kwa mgao, dakika chache mtaa huu, dakika chache mtaa ule. Kwa mamilioni ya watu zamu haikuzunguka. Umeme ulikatika usiku ule ukarudi baada ya siku mbili, wengine tatu, wengine karibu nne.

Mwisho wa mwaka idara ya afya ya jimbo ilikamilisha hesabu yake. Watu 246 walikufa kutokana na dhoruba ile. Kati yao 161 waliuawa na baridi yenyewe, 25 walizidiwa na maradhi waliyokuwa nayo tangu awali, 22 walikufa kwenye ajali za barabarani, 19 kwa gesi ya kaboni monoksidi, na waliobaki kwa moto au kuanguka. Wachambuzi waliolinganisha vifo vya wiki zile na wastani wa kawaida walipata idadi kubwa zaidi ya hiyo. Zaidi ya nusu ya waliohesabiwa walikuwa na umri wa miaka 60 na kuendelea.

Kisa hiki hakinitoki akilini. Tukizungumzia watu waliouawa na baridi, mawazo huenda moja kwa moja kwa wapanda milima, wavuvi waliozama, au msafiri aliyepotea kwenye theluji. Texas wengi walikutwa ndani ya nyumba zao, kitandani au kwenye kochi, milango imefungwa na mablanketi yamewafunika. Na walikufa katika jimbo linaloongoza Marekani yote kwa kuzalisha gesi asilia. Wakati huohuo Yakutsk, mashariki ya Siberia, ambako wastani wa Januari ni karibu nyuzi 38 chini ya sifuri, watoto huenda shule na sokoni watu huuza samaki aliyeganda kwa baridi ya hewa tu. Ikiwa binadamu wa Yakutsk na binadamu wa Houston wana mwili uleule, basi kikomo cha baridi anachoweza kuvumilia mtu hakisomeki kwenye kipimajoto kilichotundikwa nje. Hicho ndicho nitakachojaribu kukionyesha, kwa kuanzia na mwili.

Mtu aliyekaa kimya huzalisha joto la takriban wati 100, sawa na balbu moja ya kizamani. Joto hilo lazima litoke mwilini kwa kasi ileile linavyozalishwa. Likitoka polepole tunatoka jasho, likitoka haraka tunaanza kupoa. Mtu aliye uchi akiwa ametulia hujisikia sawa hewa ikiwa kati ya nyuzi 28 na 32 hivi. Hapo mwili hauhangaiki, hautetemeki wala hautoi jasho. Kwa maana nyingine, sisi ni viumbe wa nchi ya joto, na popote tulipokwenda nje ya ukanda huo tumekwenda tukiwa tumebeba joto letu kwa nguo, moto na kuta.

Mwaka 1941 watafiti wa Marekani walibuni kipimo cha kinga ya nguo. Walichukua mavazi ya kawaida ya ndani ya nyumba, yanayomfanya mtu aliyekaa ajisikie vizuri chumba kikiwa na nyuzi 21, wakayaita kipimo kimoja. Ukiifuata hesabu hiyo hadi kwenye chumba chenye nyuzi 5, mtu yuleyule aliyekaa anahitaji kinga ya zaidi ya mara tatu. Akilala anahitaji zaidi ya hapo, maana usingizini mwili huzalisha joto pungufu kuliko mtu akiwa macho. Sweta moja na blanketi moja havitoshi kwa usiku mzima. Vinatosha kwa saa moja au mbili, na hapo ndipo watu hudanganyika, kwa sababu saa ya kwanza mtu hujiona anaweza.

Mwili una ulinzi wa aina mbili dhidi ya baridi. Kwanza hufunga mishipa midogo ya ngozi, vidole na miguu, ili damu ya moto ibaki kifuani na kichwani. Ndiyo maana mikono hupoa mapema. Pili hutetemeka, na kutetemeka kukiwa kwa nguvu kunaweza kupandisha uzalishaji wa joto hadi mara nne au tano ya kawaida, ila kunakula chakula kilichohifadhiwa kwenye misuli na hakudumu. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, madaktari wanaita hali hiyo haipothemia. Kati ya 35 na 32 mtu hutetemeka sana, hujikwaa, hudondosha vitu, hutafuna maneno. Chini ya 32 kutetemeka hupungua na mwishowe hukoma, akili inachanganyikiwa, moyo unaanza kwenda mrama. Wengine katika hatua hii huvua nguo zote, kwa sababu mishipa ya ngozi iliyokuwa imebana inalegea na mtu anahisi kama anaungua. Ndugu wakimkuta hivyo hudhani alishambuliwa au alipatwa na wazimu.

Kwa mzee, ulinzi huo wote ni dhaifu. Mishipa haibani vizuri, misuli ya kutetemeka imepungua, na jambo la hatari kuliko yote ni kwamba hisia yenyewe ya baridi hupungua. Mzee anaweza kukaa kwenye chumba chenye nyuzi 12 akasema yuko sawa. Dawa za usingizi, pombe, kisukari na tezi ya shingo iliyolegea vinaongeza hatari. Tena si lazima ifike haipothemia. Mishipa ikibana, shinikizo la damu linapanda. Figo zinatoa maji mengi, damu inakuwa nzito. Mtu mwenye moyo mbovu anapata shambulio siku ya pili ya baridi, na kwenye cheti cha kifo panaandikwa moyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu makazi, lilipendekeza ndani ya nyumba kusishuke chini ya nyuzi 18 katika nchi zenye msimu wa baridi, na zaidi ya hapo kwa wazee, watoto na wagonjwa. Pendekezo hilo linahusu sebule na chumba cha kulala, halisemi kitu kuhusu nje.

Sasa turudi kwenye usiku wa tarehe 15.

Umeme wa Marekani huenda kwa mapigo 60 kwa sekunde. Matumizi yakizidi uzalishaji, mapigo hupungua, na mitambo yote iliyounganishwa kwenye gridi hupungua nayo. Saa 7:51 usiku mapigo yalishuka chini ya 59.4. Kanuni ya Texas ilikuwa kwamba yakikaa chini ya hapo kwa dakika 9, mitambo ya kuzalisha umeme inaanza kujizima yenyewe ili isiharibike. Yalikaa kwa dakika 4 na sekunde 23, yakafika hadi 59.302, ndipo waendeshaji walipokata mitaa ya kutosha na mapigo yakapanda. Walibakiwa na dakika 4 na sekunde 37. Kama zingeisha, jimbo zima lingeingia gizani, na kuiwasha upya gridi ya ukubwa ule kutoka sifuri kungeweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo waliokuwa kwenye chumba cha udhibiti usiku ule siwalaumu. Amri yao ilizuia balaa kubwa zaidi.

Lawama ni ya miaka iliyotangulia. Ilibidi wakate hadi megawati 20,000, karibu mara kumi ya kilele cha matumizi ya Kenya nzima mwaka ule. Wakati mbaya kuliko wote karibu nusu ya uwezo wa kuzalisha wa jimbo ulikuwa umelala. Kulikuwa na maneno mengi ya kisiasa kwamba kosa ni la mitambo ya upepo kuganda. Iliganda kweli mingine, lakini ripoti ya wasimamizi wa shirikisho ya Novemba 2021 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya mitambo iliyofeli ilikuwa ya gesi. Sababu kubwa ilikuwa kuganda kwa vifaa: vipimo, mabomba membamba ya kupimia shinikizo, valvu. Iliyofuata ilikuwa kukosa gesi, maana visima na vituo vya kusafishia gesi navyo viliganda. Na hapa pana jambo linaloniuma. Baadhi ya vituo vya kusukuma gesi vilikuwa vinaendeshwa kwa umeme wa gridi, na wenyewe hawakuwa wamejaza fomu ya kuorodheshwa kama wateja wasiopaswa kukatiwa. Wakakatiwa. Gesi ikapungua, mitambo ikazima, ikabidi mitaa zaidi ikatwe.

Jambo hili lilikuwa limeshatokea. Februari 2011 baridi ilizima mitambo ya Texas, mgao ukapita jimbo zima, na wakaguzi wa shirikisho wakaandika ripoti iliyotaja mabomba yaleyale na valvu zilezile, wakashauri vifunikwe na vipashwe joto. Ushauri ukaachwa kuwa hiari ya mwenye mtambo. El Paso, mji ulioko pembe ya magharibi, uliufuata, na kwa kuwa umeungwa na gridi ya magharibi badala ya ile ya Texas, mwaka 2021 ulipitiwa na baridi ileile na giza lake likawa dogo sana. Sehemu kubwa ya jimbo imejitenga kwa makusudi na gridi za majirani ili isisimamiwe na serikali ya shirikisho, na nyaya zinazoiunga na nje ni chache mno kuleta msaada wa maana.

Kwa nini zamu haikuzunguka? Kila kampuni ya kusambaza umeme ina laini zenye hospitali, vituo vya polisi na mitambo ya maji, na hizo hazikatwi. Kiasi kilichotakiwa kukatwa kilikuwa kikubwa kiasi kwamba laini zote zilizobaki zilikuwa tayari zimezimwa, hivyo hapakuwa na laini nyingine ya kubadilishana nayo. Mtaa uliokuwa kwenye laini moja na hospitali ulikaa na mwanga wiki nzima. Wa jirani ukakaa gizani. Katikati ya Houston na Austin maghorofa ya ofisi yasiyo na mtu yaliwaka taa usiku kucha, na picha zake ziliwatia watu hasira hadi leo.

Chukua nyumba ya kawaida ya vitongoji vya Houston au Fort Worth. Fremu ni ya mbao, nje imevikwa tofali jembamba, chini ni zege iliyomwagwa juu ya ardhi, haina chumba cha chini ya ardhi. Madirisha ni makubwa. Mabomba ya maji yanapita darini na kwenye kuta za nje, kwa sababu aliyeijenga aliogopa joto la Agosti, na hakukosea kuliogopa. Zaidi ya nusu ya kaya za Texas hupasha nyumba kwa umeme, na nyingi hutumia pampu ya joto, mashine ileile inayopoza hewa wakati wa kiangazi ikigeuzwa kinyume. Mashine hiyo hufanya kazi nzuri nje kukiwa na nyuzi 10. Nje kukiwa na 10 chini ya sifuri inalemewa, na ndani yake koili za umeme huwaka kusaidia, zikivuta umeme maradufu na zaidi. Hilo linasaidia kueleza kwa nini mahitaji ya gridi yalipanda ghafla Jumapili jioni hadi kuvunja rekodi ya majira ya baridi. Na wenye tanuru ya gesi hawakunusurika, kwa sababu feni inayosukuma hewa ya moto vyumbani nayo ni ya umeme.

Umeme ukatike saa nane usiku, ndani kuna nyuzi 20. Asubuhi kumeshuka hadi 13 au 12, watoto wanapewa makoti. Jioni watu wanaona pumzi zao. Siku ya pili wengi walipiga picha kipimajoto cha ukutani kikiwa kwenye nyuzi 4 au 5. Usiku wa pili ndio mbaya, kwa sababu kuta, sakafu na magodoro navyo vimepoa na havina tena joto la kurudisha. Mwenye gari alikwenda kukaa garini. Aliyekuwa na ndugu mwenye umeme alijaribu kumfikia, lakini barabara zilikuwa barafu, na Texas haina magari mengi ya kumwaga chumvi. Alhamisi tarehe 18, barafu ilipoanza kuyeyuka, mabomba yaliyopasuka darini yakafunguka, dari za jasi zikalowa na kuanguka juu ya vitanda. Ngozi au nguo zikilowa, kila hesabu niliyoitaja hapo juu inavurugika, maana maji yanachukua joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Karibu nusu ya wakazi wa jimbo waliambiwa wachemshe maji kabla ya kunywa, na wengi hawakuwa na cha kuchemshia.

Mwenye mashine ya kuzalisha oksijeni nyumbani alikuwa na betri ya saa chache. Mwenye insulini alikuwa na hofu isigande.

Kisha kuna mkaa. Hapa ningeomba kila msomaji wa Kiswahili atulie, kwa sababu kosa lililofanyika Texas tunalifanya sisi kila Julai. Watu waliingiza ndani majiko ya mkaa ya kuchomea nyama, wakawasha jenereta gerejini, wakawasha gari ndani ya gereji iliyofungwa ili wapate joto la hita. Zaidi ya watu 1,400 walikwenda hospitali na kliniki kutibiwa sumu ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na inashikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu ya zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma kidogo, mwili unalegea, usingizi unakuja. Aliyechoka kwa baridi ya siku mbili hawezi kutofautisha usingizi huo na ule aliokuwa anautafuta. Mkaa uliokwisha kushika vizuri, usiotoa moshi, ndio unaodanganya zaidi, kwani bado unaitoa gesi hiyo kwa wingi. Limuru, Kinangop, Makete, Njombe: kila msimu wa baridi habari ni ileile, familia imelala na jiko ndani, mlango umezibwa kwa nguo chini. Desemba 2006 dhoruba ya upepo ilipokata umeme eneo la Seattle, walioathirika na sumu hii wengi walikuwa wahamiaji waliowasha mkaa ndani, hata gazeti la mji likachapisha onyo kwenye ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa, Kisomali kikiwemo. Houston, Dallas, Fort Worth na Abilene zina familia nyingi za Wakongo na Warundi zinazozungumza Kiswahili, na kwa mtu aliyelelewa na jiko la mkaa, kuliingiza ndani usiku wa baridi ni jambo la kawaida kabisa. Anayejua afikishe habari hii kanisani, msikitini, kwenye kundi la simu la ukoo.

Sasa, Yakutsk. Mwaka 1998 watafiti walichapisha uchunguzi wa vifo vya mji ule na hawakuona vifo vikipanda kadiri baridi ilivyozidi, hata ilipopita nyuzi 40 chini ya sifuri. Walipouliza watu wanavaaje na wanaishije, walipata jibu: kadiri baridi inavyoongezeka, wanaongeza tabaka za nguo, wanavaa manyoya, wanapunguza muda wa kukaa nje, na sebule zao zinabaki na joto. Nyumba za mji ule zinapashwa kwa maji ya moto yanayosafiri kwenye mabomba makubwa yaliyopita juu ya ardhi, yamefungwa kwa vifuniko vinene, kwani ardhi yenyewe imeganda mwaka mzima. Mfumo huo ukifeli Januari kwa siku nne, Yakutsk itakuwa na msiba mkubwa kuliko wa Texas. Wanajua, ndiyo maana wanaulinda.

Mwaka mmoja kabla, kundi la watafiti wa Ulaya lilikuwa limelinganisha maeneo kadhaa, kutoka kusini mwa Finland hadi Athens. Kwa kila nyuzi moja inayopungua chini ya 18, vifo vya Athens vilipanda kwa asilimia 2.15, na vya kusini mwa Finland kwa asilimia 0.27. Nje kukiwa na nyuzi 7, sebule za Finland zilikuwa na wastani wa nyuzi 21.7 na za Athens 19.2, waliovaa kofia nje Finland walikuwa asilimia 72, Athens 13. Nimezisoma takwimu hizi mara nyingi na bado zinanishangaza. Baridi inaua zaidi mahali ambapo ni nadra, kwa sababu hapo nyumba, kabati la nguo na mazoea havijaandaliwa kwa ajili yake.

Wapo watakaosema watu wa kaskazini wamezoea, damu yao ni nzito. Mazoea yapo kweli, ila ni madogo kuliko tunavyodhani. Mtu anayekaa kwenye baridi mara kwa mara hupunguza kutetemeka na kulalamika. Hisia inazoea, mwili kidogo tu. Wanawake wapiga mbizi wa Korea, waliokuwa wakizamia majira ya baridi na vazi jepesi la pamba, walipimwa wakakutwa miili yao inazalisha joto zaidi msimu huo. Walipoanza kuvaa suti za mpira miaka ya 1970, tofauti hiyo ikatoweka ndani ya miaka michache. Kwa upande mwingine, tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kuwa askari wenye asili ya Afrika huumia zaidi vidole vya mikono na miguu kwa baridi, kwani mishipa yao hubana haraka na huchelewa kufunguka. Hilo si sababu ya kuogopa kuishi Minnesota au Oslo. Ni sababu ya kununua glavu na soksi nzuri kabla ya kununua koti la kupendeza.

Baada ya dhoruba bunge la Texas lilipitisha sheria mwaka huohuo wa 2021 inayolazimisha mitambo ya umeme, na sehemu ya mfumo wa gesi, kujikinga na baridi. Baridi kali ya Desemba 2022 na ya Januari 2024 zilipita bila waendesha gridi kulazimika kuamuru mgao. Hayo ni mafanikio na yanastahili kutajwa. Nyumba, hata hivyo, ni zilezile. Mabomba yapo darini, kuta ni nyembamba, na mzee anayeishi peke yake bado anategemea waya mmoja.

Kwa anayeishi kwenye nyumba ya namna hiyo, iwe Fort Worth au nyumba ya mbao na mabati Njombe, nyuzi 5 za ndani zinaweza kuvumilika kwa siku kadhaa kama hatua zitachukuliwa saa ya kwanza, kabla nyumba haijapoa. Chagueni chumba kimoja kidogo, kisicho na ukuta mrefu wa nje, mhamie wote huko. Tandikeni kitu chini, maana godoro lililo juu ya zege hunyonywa joto upande wa chini hata kama mmejifunika vizuri juu. Maboksi yaliyokunjuliwa yanafaa sana. Nguo ziwe tabaka nyingi zisizobana, na kofia ivaliwe hata usingizini. Kuleni, hasa wanga na mafuta, kwa sababu kutetemeka kunahitaji kuni zake. Pombe iachwe: inafungua mishipa ya ngozi, mtu anahisi joto wakati joto lake linamtoka. Mabomba yaachiwe maji yadondoke kidogo kidogo, na makabati ya chini ya sinki yafunguliwe. Hakuna kinachowaka mkaa, petroli au gesi ya kupikia kitakachotumika kupasha chumba.

Na mzee aangaliwe kwa macho na kwa mkono, si kwa kuulizwa tu kama yuko sawa. Gusa tumbo lake chini ya nguo. Likiwa la baridi, ameshapoa ndani. Mwambie ataje majina ya wajukuu. Akitafuna maneno, akiacha kutetemeka huku chumba bado ni baridi, au akianza kuvua nguo, hiyo ni dharura: piga simu ya gari la wagonjwa, mvue kilicholowa, mfunike kifua, shingo na kichwa kwanza, lala naye chini ya blanketi moja. Usimsugue mikono na miguu, usimwogeshe maji ya moto, usimnyanyue kwa kumtikisa, kwa kuwa moyo uliopoa unaweza kupoteza mapigo kwa msukosuko mdogo. Kama anameza vizuri mpe chai ya moto yenye sukari nyingi. Akiwa hajibu, akionekana hapumui, endeleeni kumbana kifua kama mlivyofundishwa hadi msaada ufike, hata kama amekuwa wa baridi na mgumu kuguswa. Wapo waliorudi kutoka hapo.